Shahidi Mweupe wa Maumivu Yako

Malaba, jioni ya kuamkia safari yako

Amoit wangu,

Umekwenda Nambale kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki hapa hotelini na sufuria la maharagwe na hasira zangu. Maharagwe yataiva. Hizi hasira sijui. Nimemwambia Nekesa ashike jiko na asiunguze chapati za watu, kisha nimekaa meza ya mwisho, ile ya karibu na dirisha, na kila dereva anayeingia ananiuliza kama leo naandika mashtaka. Nawaambia ndiyo, na wewe umo, kaa chini ule.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiateso changu cha kuandika kiliishia kwa katekista, na Kiingereza chako siku hizi kinanipita. Halafu Kiswahili ndicho ninachojua kukasirika nacho. Habari za sweta, soksi, maji ya kunywa na vidonge vyako vya kila siku sitazigusa. Tumezisema mpaka ukaanza kunijibu kabla sijauliza. Nataka tuongee jambo moja tu, nalo si siri, maana tumeligombania juu ya meza hizihizi mara nyingi. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza ukiumwa. Nilikufundisha vizuri mno, na kesho unapanda ndege na somo hilo kichwani, unaenda mahali ambapo sitakuwepo kukusoma usoni.

Unajua nilivyo. Dereva wa lori akijaribu kuondoka bila kulipa, sauti yangu inavuka mpaka hadi upande wa Uganda. Polisi wa hapa barabarani wananiita Mama Honi. Lakini mtu huyohuyo, akiingia kwenye geti la hospitali, anakuwa mdogo, anashika kitambaa chake kwa mikono miwili na kusema asante kwa kila kitu, hata kwa kufokewa. Nimejiuliza sana mtu huyo huwa anatoka wapi.

Nadhani anatoka kwetu. Kwa mamangu, mtoto wa kike kulia mbele ya wageni ilikuwa ni kumvua mamake nguo. Nyanya yako alizaa watoto wake wote kimya na bado analitaja jambo hilo kwenye mazishi na harusi. Mimi nilikuzaa wewe nikiuma pindo la kitenge, na sista akanisifu mbele ya wenzangu waliokuwa wanapiga kelele, akasema igeni huyu. Nilitoka pale nimevimba kichwa, kumbe nilikuwa nimechanika vibaya na hakuna aliyeangalia, kwa sababu mtu asiyelia ana nini cha kuangaliwa. Ilibidi nirudishwe wodini navuja damu. Hata hapo sikujifunza kitu.

Ukaja wewe na sikoseli yako. Ulipokuwa bado wa kubebwa mgongoni vidole vilivimba, mikono yote miwili, tukaenda na kurudi mpaka tukaambiwa damu yako inajikunja, inaziba njia ndogondogo mwilini, na pale inapoziba panauma. Hivyo tu, panauma. Hakuna aliyetuambia panauma kiasi gani. Hilo nilikuja kulijua kwa kukutazama ukijaribu kunificha.

Na ujinga wangu mkubwa ulikuwa ule wa gauni. Sasa unacheka ukiukumbuka, mimi sicheki. Ulipokuwa unazidiwa, badala ya kukukimbiza hospitali jinsi ulivyo, nilikuwa nakuogesha kwanza. Nakupaka mafuta mpaka miguu inang'aa. Nakuvalisha gauni la Pasaka na soksi nyeupe, nakuchana nywele, wewe unatetemeka na mimi nakufunga utepe. Niliamini mtu maskini akijipeleka mchafu mbele ya daktari, atatibiwa kichafu. Mama gani wa hapa haamini hivyo? Tukiwa kwenye boda nakunong'oneza: ukifika usalimie, ujibu kwa heshima, usilie, watu wasiseme hukulelewa. Tunafika. Daktari anatupia foleni jicho: yule anatapika, huyu analia, yule amebebwa, na pale mwisho kuna kabinti kamepigwa pasi kama kanaenda kubarikiwa. Wewe ungemwita nani kwanza? Tunakaa kwenye benchi mpaka gauni linakunjamana, na mimi bado naona nimefanya la maana.

Sasa nije kwa yule daktari mzungu.

Ulikuwa darasa la tano, umelazwa. Hospitali siitaji, unaijua. Alikuwa mgeni aliyekuja kufundisha, mzee mpole, ana mikono safi sana, hakumfokea mtu. Nalisema hilo kwa sababu ningependa awe alikuwa mbaya, ingenisaidia. Alisimama kando ya kitanda chako na wanafunzi wake wakakuzunguka, watoto wetu weusi kutoka Butula, Funyula, Teso, wote na makoti meupe mapya. Akakushika mguu palepale ulipokuwa unauma, akabonyeza. Ukanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo tu, kama ninavyofanya Nekesa akitaka kumjibu mteja vibaya, na wewe ukameza mate ukanyamaza.

Kiingereza changu ni cha kuuzia chakula, lakini alichosema nilikielewa chote. "Mnaona?" aliwaambia. "Mtoto wa kwetu angekuwa anapiga mayowe. Watu hawa hawahisi maumivu kama sisi. Kumbukeni hilo mnapoandika dawa." Na wale watoto wetu, Amoit, wale waliozaliwa na mama waliouma vitenge kama mimi, walioanguka kwenye miti na kuungua na uji na kuumwa meno kama watu wengine wote, waliinamisha vichwa wakaandika. Hakuna hata mmoja aliyesema, mwalimu, mbona mimi huwa nahisi.

Nami nilifanya nini? Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilisikia raha kabisa. Mzungu amemsifu mtoto wangu mbele ya wasomi. Nilikuja nikawasimulia majirani. Ile dawa ya nguvu waliyokuwa wanakupa ikaondolewa, ukaandikiwa tembe za kawaida, zile tunazomeza hapa kichwa kikigonga kwa sababu ya moshi. Ukauma mto mpaka ukatoboka. Nilikuwa nimekaa kando yako na nilikuwa na mdomo. Ningesema tu, daktari, huyu anaumwa, mimi ndiye niliyemkataza kulia. Sentensi moja. Lakini mtu aliyesifiwa anapataje nguvu ya kuikataa sifa?

Mmoja wa wanafunzi wale ni Wandera. Ukiwa kidato cha pili alikuwa ameshafuzu, amewekwa chumba cha dharura, anaitwa daktari na anastahili kuitwa. Simchukii. Anafanya kazi usiku na mchana na dawa hana. Lakini unaikumbuka siku ile tulipofika kwake, na Klara akiwa nyuma yetu.

Klara alikuwa yule msichana wa kizungu aliyefundisha watoto muziki pale shule ya msingi. Alikuwa anakula kwangu kila mchana, chapati na maharagwe, Kiswahili chake cha kuokota lakini anakiokota kwa bidii. Siku hiyo ulitoka shule ukaangukia pale mlangoni, na yeye akaacha sahani akapanda boda pamoja nasi kwa sababu hakuna aliyemwambia abaki. Tukamkuta Wandera. Nikamweleza vizuri, kwa heshima zote: mtoto ana sikoseli, kifua na mapaja yanamuuma sana, mara ya mwisho alisaidiwa na dawa ya nguvu. Akakutazama, umekaa wima, umefumba midomo. Akatabasamu. Alikukumbuka. Aliniambia kumbe wewe ndiye waliyefundishwa kando ya kitanda chake, yule msichana asiyelia, kisha akasema tumpe tembe kwanza tuone, mama, hawa wamezoea, na sisi watu wetu wanavumilia.

Tukakaa. Tukakaa tena. Klara hakuelewa kwa nini tumekaa. Akainuka, akamfuata Wandera kwenye korido, akamwambia, "Daktari, huyu anaumwa sana." Basi. Maneno yangu yaleyale, tena yangu yalikuwa marefu na yenye maelezo. Kitanda kikapatikana. Dripu ikaja. Mofini, ile dawa ya nguvu ambayo haikuwepo, ikawepo. Na Klara akaletewa kiti.

Hapo ndipo ningepaswa kukasirika, na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilisema kumbe dawa ni hii. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema, na mimi nikaichukua methali nikaifanya matibabu. Kuanzia siku hiyo, ukianza tu kushika kiuno, boda wa kwanza alikuwa anakwenda kumchukua Klara, wa pili ndiye wa kutupeleka sisi. Nikawa simkubalii alipe chakula. Nikawa namtunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa, na yeye, maskini, akidhani ni mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa nambeba kama kadi ya hospitali.

Na majirani hawakuchelewa kuona. Mtoto wa kinyozi wa pale stendi alipoungua, mamake alikuja mbio hapa, si kuniomba pesa wala gari. Alisema, "Mama Amoit, tuazime mzungu wako." Nikamwazima. Hata mzee Juma, muuza duka wa kule Busia mjini, mtu mzima na kanzu yake, mtu anayeheshimiwa msikitini na sokoni, alituma kijana kuuliza kama yule binti anaweza kumsindikiza mkewe kliniki. Binti aliyekuja kufundisha watoto filimbi! Tulicheka hapa hotelini mpaka machozi, madereva wakasema tumfungulie ofisi. Sasa kicheko kile kinanishtaki. Sisi sote tulikuwa tunajua. Tulijua maneno yetu hayana uzito mahali pale, na badala ya kwenda kugonga meza ya mtu, tukapanga zamu ya kumwazima mweupe wa kutusemea.

Klara mwenyewe ndiye aliyechoka kwanza. Ulikuwa kidato cha tatu. Wandera alisimama mbele yetu na, bila hata kugeuka upande wako, akamwuliza Klara, huyu maumivu yake yamefikia wapi leo? Klara akawa mwekundu mpaka masikio. "Mimi sijui," akasema. "Mguu ni wa kwake. Mwulize yeye." Wandera akacheka, akadhani ni mzaha, akamwuliza tena. Klara akakutazama wewe. Mwishowe Wandera akageuka, na sista akageuka, na yule mama wa kitanda cha pili akageuka, korido nzima ikakungoja wewe. Mara ya kwanza maishani mwako, mtu amelazimishwa kukuuliza wewe.

Na wewe ukanitazama mimi. Ukasema, "Kidogo tu, daktari."

Nimeisikia sauti ile miaka yote hii. Jasho lilikuwa linakutiririka mpaka kwenye kola. Ulisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokulea, kwamba mtu mzima akikuuliza mbele ya watu, unampunguzia mzigo. Mlango umefunguliwa kwa shida namna ile, na kilichoufunga ni malezi yangu. Wandera akamwambia Klara, umesikia mwenyewe. Ukapewa tembe. Usiku ule hatukulala, na Klara alilia kwenye ngazi za nje kuliko wewe uliyekuwa unaumwa, na mimi nikamkasirikia yeye. Nilimwambia angesema tu neno, linamgharimu nini? Ulipopata nafuu uliniuliza, "Mama, na akirudi kwao?" Nikakujibu tutapata mwingine. Ndivyo nilivyokujibu.

Akarudi kwao. Wengine hawakuja, au walikuja hawali maharagwe.

Ile ya kidato cha nne sitaki kuiandika yote. Nilikupeleka bila kukuogesha, hilo angalau nilishaacha. Nilipoona wanatuketisha, nikatoa ile sauti yangu ya barabarani. Nilipiga kelele kweli. Na unajua waliniambia nini? Kwamba hawa wanawake wa Malaba wamezoea kugombana na madereva, mama tuliza, hapa si hoteli. Askari wa geti akaletwa kunishika mkono. Nilikuwa nimenyamaza miaka yote, wakasema mtoto hajaumwa. Siku niliyopiga kelele, wakasema mama ni mkorofi. Ulianza kupumua juujuu ukiwa kwenye benchi lilelile. Walipokuja kushtuka, midomo yako ilikuwa imebadilika, nami nikawaonyesha, na mmoja akasema haoni ile bluu ya mtu aliyekosa hewa. Bluu! Mtoto mweusi atapata wapi bluu ya kitabuni? Ulikuwa wa rangi ya majivu, na mimi mamako nilijua rangi yako.

Ulifikishwa hospitali kubwa na gari la wagonjwa, ukapona, na ukakutana na yule daktari dada wa Kisamia aliyekaa kitandani pako akakuuliza na kungoja jibu mpaka likaja la kweli. Baada ya hapo ukasema utasoma udaktari. Babako alisema ni maneno ya mtu mwenye homa. Tazama sasa.

Lakini udaktari huo nao umeanza kunitia wasiwasi. Wiki ile ulinionyesha kitabu cha chuo chao kwenye simu, picha za magonjwa ya ngozi. Nilitelezesha kidole, nikatelezesha, vipele vyekundu kwenye ngozi nyeupe, manjano kwenye ngozi nyeupe, kila ugonjwa una mtu mweupe wake. Nikakuuliza sisi hatuumwi? Ukacheka ukanipeleka mbele, na watu wetu wa kwanza niliowaona walikuwa kwenye sura ya magonjwa ya zinaa. Nilikurudishia simu yako. Ulisema mambo yanabadilika, walimu wa siku hizi wanajua. Huenda. Lakini yule mzee mpole hakuwa mjinga, na alichosema kilisafiri kutoka mdomoni mwake mpaka kalamu ya Wandera mpaka kwenye kifua chako, na hakuna hata mmoja njiani aliyekuwa na nia mbaya. Hicho ndicho kinachonikera zaidi. Mtu mbaya ningemmwagia mchuzi.

Halafu kuna habari ya Were, rafiki yako wa Nambale aliyetangulia huko ng'ambo unakokwenda. Ulinisimulia kama kichekesho. Amekwenda hospitali yao na maumivu yaleyale yako, akawaambia kwa adabu jina la dawa inayomsaidia, na wakamwuliza ametumia dawa za kulevya tangu lini. Kwa sababu alijua jina la dawa! Mtu aliyeugua tangu kuzaliwa asijue jina la dawa yake? Na alipoanza kulia, wakasema ndivyo wanavyofanya watu wa namna hiyo. Ulicheka uliponisimulia, Amoit, na nilikuona. Ulikuwa unacheka kama nilivyokuwa nacheka na watu wa kumwazima Klara.

Basi nikushauri nini? Ukinyamaza, huumwi. Ukilia, unataka kulewa. Ukijua ugonjwa wako, unashukiwa. Usipoujua, wewe ni mshamba kutoka Afrika. Nimeligeuza jambo hili tangu mchana kama chapati, na kila upande limeungua. Sina ufunguo. Ningekuwa nao ningeutumia hapahapa, kwa watu wetu, kabla ya kukupa uende nao kwa wageni.

Nilichonacho ni hiki tu. Kati ya kosa la kunyamaza na kosa la kulia, fanya lile la kulia. Ukiitwa mwongo na ungali hai, tutapigana nao, utanipigia simu na mimi nitawapigia kelele kwa lugha wasiyoijua. Ukisifiwa uvumilivu na umekufa, nitapigana na nani? Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho hakiwi cha kwake, kinakuwa cha mamake. Usimtafute Klara wako huko. Watakuwepo, wazuri, na utashawishika. Ukipata rafiki wa kukushika mkono, akushike mkono, lakini mdomo uwe wako. Wakikuuliza maumivu ni mangapi kwa kumi, waambie ni kumi kama ni kumi. Wakikuuliza mara ya pili, sema kumi. Usiwapunguzie mzigo, ni wa kwao na wanalipwa kuubeba.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye koti jeupe, mwalimu mpole akisimama kando ya kitanda cha mtu na kuwaambia watu hawa wako hivi, watu hawa wako vile, usiandike kwanza. Mwangalie mgonjwa, uone anamtazama nani kabla ya kujibu. Mara nyingi kuna mama mahali fulani anatikisa kichwa.

Nimefika pale nilipotaka kufika tangu nilipokaa hapa, na mkono umechoka.

Leo mchana ulikuwa unafunga sanduku. Nilipita na beseni la vyombo nikakuona kupitia pazia. Uliketi kitandani ghafla, ukaushika mguu wa kushoto juu ya goti kwa mikono yote miwili, ukafumba macho, ukahesabu kitu kimoyomoyo. Kisha ukasikia viatu vyangu, ukasimama, ukaanza kuimba. Nikakuuliza kutoka nje uko vipi. Ukanijibu uko sawa tu, Mama, ni kuinamainama. Na mimi, baada ya yote haya niliyoyapitia na wewe, nikasema haya, nikaenda kuosha vyombo. Kwa sababu tiketi imelipwa. Kwa sababu babako amewaalika watu. Kwa sababu kesho ni kesho. Nimeosha sahani moja mara tatu, halafu nikaomba kalamu kwa dereva.

Ndege ni ya saa nyingi, na uliniambia mwenyewe kwamba huko juu hewa ni nyembamba kwa damu kama yako. Kwa hiyo barua hii sitaitia kwenye sanduku uisome ukifika. Boda wako ameniambia kwa simu mmeshapita Adungosi. Nitakupa mkononi ukiingia, uisome umesimama, hata kama hoteli imejaa, na imejaa kweli, kuna lori zimezuiwa tangu asubuhi. Ukimaliza nitakuuliza swali la mchana tena, mbele ya watu wote hawa. Usiniangalie uso wangu kutafuta jibu. Kama mguu unauma, usiniambie uko sawa. Lia palepale mlangoni, Amoit, kwa sauti, madereva waache kula, na hiyo ndege iende zake.

Mamako